Akiba Iliyooza

Wahenga walisema ya kuwa akiba haiozi. Methali hii twafundishwa tungali wadogo, nasi twaiandika katika insha zetu bila kuitilia shaka. Walakini katika mwaka 2004, katika wilaya za Kitui na Makueni nchini Kenya, akiba ilioza ndani ya nyumba za watu, na wengi walioila wakaugua. Kati ya Januari na Julai walihesabiwa wagonjwa 317, wengi mno wakiwa wa wilaya hizo mbili, na katika hao 125 walikufa. Kilichowaua ni mahindi, chakula walichokipanda, wakakipalilia na kukivuna kwa mikono yao wenyewe.

Nataka, msomaji, tuyatazame maafa hayo pamoja, na tuulize swali moja: ilijulikanaje ya kuwa muuaji alikuwa amelala ndani ya gunia? Maana mgonjwa hakwenda hospitali akasema, "Nimelishwa sumu." Alisema ya kuwa tumbo lamuuma, hana hamu ya chakula, na jamaa zake wakamwonyesha tabibu jinsi macho yake yalivyogeuka manjano. Toka maneno hayo mpaka kwenye gunia la mahindi ni njia ndefu, na si kila mtu awezaye kuipita. Yataka watu waliofundishwa. Habari ya watu hao, na ya mafunzo yao, ndiyo ninayotaka kukueleza.

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe. Kitui na Makueni ni nchi ya Wakamba, upande wa mashariki ya Nairobi. Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos hapo zamani, ikatengwa kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Na tangu mwaka 2013 Makueni na Kitui ni kaunti zenye serikali zao. Mvua huko hunyesha mara mbili kwa mwaka, ya kwanza kati ya Machi na Mei, ya pili kati ya Oktoba na Desemba, na mkulima huitegemea zaidi ile ya pili. Lakini mara nyingi mvua hupunguka, na pengine hukosa kabisa. Mtama na mawele ni mazao yaliyozoea ukame, lakini mahindi ndiyo yaliyopendwa na wengi: ndiyo ugali, ndiyo muthokoi unaopikwa pamoja na maharage au kunde. Mahali ambapo chakula cha asubuhi na cha jioni ni kimoja, kikiharibika hicho mtu hana pengine pa kukimbilia.

Sasa natuitazame sumu yenyewe. Bila shaka imekuwako tangu kale, lakini katika vitabu vya wataalamu haina umri mkubwa. Katika mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika mashamba ya Uingereza. Kwa kuwa sababu haikujulikana, ugonjwa ulipewa jina la herufi X, kama vile mwalimu wa hesabu anavyoliita jambo asilolijua bado. Wataalamu walifuata nyayo mpaka kwenye chakula cha ndege hao, wakakuta ya kuwa ndani yake mlikuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazil, na karanga hizo ziliingiwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kwa kuunganisha herufi za jina hilo, sumu ile ikaitwa aflatoksini. Na katika Kiswahili twaiita sumukuvu.

Kuvu hii hukaa udongoni. Ukame unapoudhoofisha mmea, au wadudu wanapoitoboa punje, kuvu hupata mlango wa kuingia. Mahindi yakivunwa yangali na maji, kisha yakarundikwa mahali penye joto na unyevu, kuvu hustawi na kutoa sumu. Ubaya wake ni kwamba jicho haliwezi kuihukumu. Punje yaweza kuwa na sura njema na bado ikawa na sumu. Wala moto wa jikoni hauiondoi: ugali uliopikwa kwa unga wenye sumukuvu ni ugali wenye sumukuvu.

Tena ni sumu ya kiasi kidogo mno. Wakati wa maafa yale, sheria ya Kenya iliruhusu sehemu 20 za sumukuvu katika kila sehemu bilioni moja za chakula, na tangu hapo mpaka huo umeshushwa hadi 10. Ili upate kuelewa, chukua gunia la kilo 90. Kwa kipimo kile cha 20, sumu yote iliyoruhusiwa katika gunia zima haikufika miligramu 2. Ungeiweka juu ya ncha ya kisu, pengine usiione. Basi mahindi mengine yaliyopimwa mwaka 2004 yalikutwa na sehemu 4,400, yaani mara 220 ya kiasi kilichoruhusiwa.

Sumu hii huua kwa njia mbili. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, ini lake huharibika kwa siku chache. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kumletea saratani ya ini. Jambo hili la pili, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulichunguza: katika wilaya ya Murang'a wataalamu walipima vyakula vilivyokwisha kupikwa, wakalinganisha sumu iliyokuwamo na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1973. Utaona ya kuwa elimu hii haikuletwa juzi katika nchi yetu.

Wala maafa ya mwaka 2004 hayakuwa ya kwanza. Katika mwaka 1981, wagonjwa 20 waliingizwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, macho yao yakiwa ya manjano, na 12 wakafa. Kabla ya watu kuugua, njiwa wa mahali hapo walikuwa wamekufa kwa wingi, kisha mbwa. Mahindi ya nyumba mbili zilizofiwa yalipopimwa, yalikutwa na sumukuvu hata sehemu 12,000 katika bilioni. Habari hiyo iliandikwa na kuchapishwa katika jarida la waganga huko London mwaka 1982, ikawekwa katika maktaba.

Hapa, msomaji, simama kidogo ufikiri. Toka 1981 mpaka 2004 ni miaka 23. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa mtu mzima ulipofika mwaka wa pili. Waganga na wauguzi walistaafu au walihamishwa. Karatasi zilibaki maktabani, lakini karatasi haipandi gari kwenda Makueni kumnong'oneza mganga kijana ya kuwa, "Hili tumepata kuliona." Elimu iliyoandikwa yahitaji mtu wa kuibeba, na mtu huyo lazima awe karibu na mahali penye hatari, naye awe amezoezwa kuitambua dalili anapoiona. Asipokuwapo, kila maafa huwa kama ya kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 mavuno yalikuwa haba kwa sababu ya ukame, tena mvua isiyo ya wakati wake ikayakuta mahindi yakivunwa. Baada ya muda waganga wakaanza kuona wagonjwa wa macho ya manjano, wengi kuliko kawaida, nao wakifa upesi. Tabibu anapoona hali hiyo hufikiri kwanza maradhi ya ini yaletwayo na virusi, na kufikiri hivyo si kosa, kwa kuwa ndiyo yanayotokea mara nyingi. Walakini wingi wa vifo ulitia shaka. Habari zikapelekwa juu, chakula kikachukuliwa kupimwa, na vipimo vya kwanza vikaonyesha sumukuvu.

Wewe waweza kusema, "Basi kazi imekwisha, sumu imeonekana." La, kazi ndiyo kwanza ilikuwa ikianza. Kuona sumu ndani ya mahindi si kuthibitisha ya kuwa mahindi hayo ndiyo yaliyoua. Huenda kila nyumba ina mahindi ya namna hiyo, na bado wengine ni wazima. Hapo ndipo zilipohitajiwa elimu mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ni toksikolojia, yaani elimu ya sumu, ambayo huuliza: ni kitu gani, ni kiasi gani, na chafanya nini mwilini? Ya pili ni epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa maradhi, ambayo huuliza: ni nani, wapi, lini, na kwa nini huyu akaugua na jirani yake asiugue? Ya kwanza peke yake itakupa tarakimu bila watu. Ya pili peke yake itakupa watu bila sababu.

Wachunguzi walikwenda kwa hatua. Kwanza waliamua ni mtu gani atakayehesabiwa kuwa mgonjwa, kwa maana bila mpaka huo mmoja angehesabu kila mwenye homa, na mwingine angewaacha hata walio mahututi. Kisha wakawahesabu na kuandika wametoka wapi na waliugua lini. Kisha wakafanya jambo ambalo ndilo roho ya kazi yote: walilinganisha. Walichukua wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80, wakawauliza wote maswali yaleyale, wakapima damu yao na mahindi ya nyumbani mwao. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumukuvu kwa wastani wa sehemu zaidi ya 350 katika bilioni. Ya nyumba za wazima yalikuwa na 44 hivi. Damu nayo ilitoa ushahidi uleule. Na kulikuwa na tofauti nyingine: waliougua, mara nyingi zaidi kuliko wenzao, walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Watu wengine wakaenda sokoni. Walizunguka masoko 65, wakachukua mahindi na unga kwa wachuuzi 243, jumla sampuli 350. Zaidi ya nusu, yaani 55 katika kila 100, zilizidi mpaka wa sheria. Kumbe sumu haikukaa nyumbani kwa mkulima. Ilikuwa imepakiwa, ikauzwa, na kusafiri. Kama wachunguzi wangaliishia majumbani tu, lile lisingalijulikana.

Je, wachunguzi hao walikuwa nani? Walikuwako maofisa wa Wizara ya Afya na wataalamu wa Marekani wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Maradhi. Lakini miongoni mwao walikuwamo pia wanafunzi. Katika mwaka uohuo wa 2004, Kenya ilikuwa imeanzisha mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani na maabara, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya, kituo kile cha Marekani na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mafunzo yalikuwa machanga. Hapakuwa na hata mmoja aliyekwisha kuhitimu. Habari za maradhi ya manjano zilipofika, wanafunzi hao waliitwa, na Makueni na Kitui zikawa darasa lao.

Pengine utashangaa: yafaa kumpeleka mwanafunzi mahali penye vifo? Jibu lake limo katika namna ya mafunzo yenyewe. Yalibuniwa kwa kufuata mfano ulioanzishwa Marekani mwaka 1951 na mganga Alexander Langmuir, aliyeshika ya kuwa mchunguzi wa maradhi hafunzwi kwa kukaa kitini, bali kwa kutembea. Alama ya wanafunzi wake ni soli ya kiatu yenye tundu. Katika mafunzo ya Kenya, mwanafunzi husoma kwa miaka miwili, na karibu robo tatu ya muda huo huwa kazini, akiongozwa na wakubwa waliomtangulia. Ndivyo sisi nasi tulivyowafundisha watoto wetu kazi tangu zamani: mhunzi alimweka kijana kwenye mivukuto, akamwachia nyundo siku mkono wake ulipokomaa. Tena waganga wa binadamu, waganga wa mifugo na watu wa maabara hufunzwa pamoja. Na ukiwakumbuka njiwa na mbwa wa Machakos, utaona faida yake. Aliyezoea wanyama angeweza kuuona mwanzo wa maafa kabla mtu hajaugua.

Liko jambo moja ambalo mwanafunzi wa kazi hii hawezi kujifunza vitabuni, nalo ni kuuliza. Fikiri ya kuwa wewe ndiwe uliyetumwa. Unaingia katika ua wa mama aliyemzika mtoto wake wiki iliyopita. Katika pembe ya chumba anacholala pana magunia mawili ya mahindi. Wajua ya kuwa huenda magunia hayo ndiyo yaliyomwua mtoto. Utaanzaje? Ukisema, "Mama, kwa nini umeweka mahindi mabichi ndani?" umekwisha mhukumu, naye atanyamaza. Lakini ukimsalimu kama inavyopasa, ukampa pole, ukakaa, kisha ukamwambia, "Mama, nieleze mavuno yenu yalikuwaje mwaka huu," atakueleza mwenyewe. Atakuambia ya kuwa mavuno yalikuwa machache. Atakuambia ya kuwa wakati wa njaa ghala la nje huvunjwa na wezi. Kwa hiyo alivuna mapema kabla mahindi hayajakauka, akayaingiza ndani alikoweza kuyalinda usiku. Hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mama mwangalifu, na uangalifu wake ndio uliompeleka mahali pa hatari. Mchunguzi asiyelisikia hilo ataandika katika taarifa yake ya kuwa watu wafundishwe kutumia ghala, naye atakuwa amesema kweli isiyomfaa mtu.

Serikali ilikusanya mahindi mabaya na kugawa chakula kingine badala yake, kwani huwezi kumnyang'anya mtu gunia lake la pekee ukamwachia mawaidha. Hata hivyo sumu ilirudi mwaka 2005, ikaua tena, na mwaka 2006 pia. Ni haki tuseme wazi ya kuwa mtu aliyefundishwa hawezi kuleta mvua, wala kumjengea kila mkulima ghala imara. Anachoweza ni kutambua mapema, kuhesabu sawasawa na kusema ukweli kwa wenye mamlaka. Na kila siku moja anayoiokoa yaweza kuwa uhai wa mtu.

Tena kazi yake huwapa wengine kazi. Mahindi yaliyokusanywa yalichunguzwa, na mwaka 2007 wataalamu walionyesha ya kuwa nchi ile ina jamii ya kuvu yenye kutoa sumu nyingi kuliko nyingine. Kwa ujuzi huo ikatengenezwa dawa ya shambani iitwayo Aflasafe KE01, ambayo ndani yake mna kuvu za Kenya zisizo na sumu. Hutawanywa shambani ili zichukue nafasi ya zile mbaya. Sasa yatengenezwa Katumani, katika kaunti ya Machakos, yaani katika nchi ileile iliyozika watu wake mwaka 1981.

Lakini wewe hukuwa na haja ya kungoja chuo kikuu ndipo uanze. Nyumbani kwenu chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi yangali na maji mengi, nayo hayafai kuwekwa. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha. Andika tarehe na matokeo katika daftari. Anika mahindi juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu. Yainue magunia yasiguse sakafu. Na ukiona kuku au mbwa wa kijiji wanakufa bila sababu, usipite ukicheka. Hesabu ni wangapi, uliza walikula nini, ukatoe habari kwa mganga wa mifugo.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa kipimo chako. Waliokwenda Makueni mwaka 2004 walikuwa na vyombo bora na hesabu ngumu kuliko zako, lakini maswali yao yalikuwa hayohayo: ni wangapi, walikula nini, na kwa nini hawa na si wale? Nchi yetu yahitaji wengi wa kuyauliza, katika kila kaunti na katika kila lugha ya wananchi, ili maafa yakirudi baada ya miaka 23 mingine yamkute mtu anayeyakumbuka. Wengine katika ninyi mnaosoma ukurasa huu mtakuwa watu hao. Basi akiba ya mahindi yalindeni kwa jua na ghala, na akiba ya elimu ilindeni kwa kuirithisha, maana nayo huoza ikiachwa peke yake gizani.